Acha kuandika "bei njoo inboksi"

Kama unauza kitu mtandaoni na chini ya picha bado unaandika "bei njoo inboksi", unafukuza wateja kwa mkono wako. Sababu zake nimezisikia zote kwa wauzaji wenzangu. Eti washindani wataona bei. Eti mteja akishaingia inboksi ni rahisi kumshawishi. Na ipo ile ambayo hakuna anayeisema kwa sauti: kila mtu apangiwe bei yake kwa kuangalia picha yake na mtaa anaoishi. Mteja wa Kitanzania hilo analijua vizuri. Akiona bei imefichwa anajua anapimwa, anapita zake.

Mimi nasaga viungo vya pilau na vya chai nyumbani, Temeke, na soko langu ni Instagram na WhatsApp. Si biashara ya kujengea ghorofa, ila imefika mahali watu wanaagiza kwa jina letu badala ya kuuliza viungo vyovyote vilivyopo. Picha nzuri zimechangia, sikatai. Lakini kilicholifanya jina likae vichwani mwa watu ni namna tunavyojibu.

Mtu anaandika "bei?" basi. Hajasalimu, hajaeleza anataka nini. Wauzaji wengi hukaa kimya hadi kesho yake, au humjibu "soma kapsheni dada". Jibu langu ni hili: "Karibu. Gramu 100 ni 3,500, gramu 250 ni 8,000. Dar analeta bodaboda kwa nauli ya ulipo, mikoani tunatuma kwa basi. Upo wapi nikupigie hesabu?" Aliyeuliza ni mmoja, ila wapo wanaosoma maoni kimya kimya kabla hawajatoa hela yao, na wanachotazama ni unavyomtendea mwenzao.

Hilo nililiona wazi kwa mteja mmoja wa Dodoma. Mzigo wake ulifika umepasuka, binzari imemwagika mfuko mzima. Hakuja inboksi. Aliandika pale pale kwenye maoni, kwa herufi kubwa, kwamba sisi ni wababaishaji. Vidole vinawasha kufuta maneno kama hayo, lakini usifute. Ukiyafuta atayaandika kwenye ukurasa wake, na huko huna pa kujitetea. Nilimjibu hapo hapo: "Pole sana mama, mzigo umeumia njiani. Kesho asubuhi naweka pakiti nyingine kwenye basi, nauli juu yangu." Ilipofika nikamwomba aseme chini ya maneno yake yale yale, naye akasema. Maoni hayo yapo mpaka leo, na kuna watu walioniambia wameyasoma yote ndipo wakaagiza. Tangu hapo pakiti za mikoani zinavaa mifuko miwili na kuingia kwenye boksi dogo.

Sasa WhatsApp. Kwa biashara za kima chetu hela iko huku, ingawa watu hawaisifii kwa kuwa haina idadi ya wafuasi wa kuringia. Status yako inaonekana na mtu ambaye wewe una namba yake na yeye amehifadhi yako. Kama hajaihifadhi, hata upike pilau la kuku mzima haoni kitu. Orodha ya matangazo (broadcast), ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi, nayo ni hivyo hivyo: ujumbe unamfikia aliyekuhifadhi tu, na orodha moja haizidi watu 256. Kwa hiyo kila mzigo unaotoka kwangu una kikaratasi ndani: "Hifadhi namba hii. Kila Ijumaa tunaweka pishi kwenye status." Na Ijumaa pishi linawekwa kweli. Vitunguu vinageuka rangi taratibu hadi kuwa kahawia, nyama inaingia, kijiko cha viungo kinamiminwa na mkono unaoonekana ni wangu. Watu wanafungua kuangalia chakula, na pakiti ipo hapo pembeni ya sufuria bila mimi kusema nunua. Naweka asubuhi, saa nne au saa tano, mtu akiwa anawaza leo apike nini. Status inadumu saa 24, lakini ukiweka usiku watu wameshakula na wameshashiba.

Programu ya WhatsApp Business ipo tangu 2018 na ni ya bure. Ina katalogi ya kuweka bidhaa na bei zake, na ina majibu ya haraka ya kuandika mara moja na kutumia kila siku. Yatumie, ila usigeuke mashine. Mteja akianza na shikamoo, itikia marahaba kwanza, muulize hali, ndipo ubandike bei. Nimeona maduka makubwa yanamtupia mama wa watu orodha ya bei bila hata kuitikia salamu yake. (Na kwa hisani yenu, tangazo la biashara halikai kwenye grupu la msiba.)

Jina la biashara liwe moja kila mahali: Instagram, Facebook, TikTok, WhatsApp na kwenye lebo. Kabla ya kuchapa lebo ingia mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, uone kama kuna aliyekutangulia. Hapa wengi wanachanganya mambo. Kusajili jina la biashara ni jambo moja, kusajili alama ya biashara ni jingine, japo kwa Tanzania Bara yote mawili yanafanyika BRELA. Kinachokupa nguvu ya kumzuia mwingine asiuze bidhaa kama yako kwa nembo yako ni alama ya biashara. Inalindwa kwa miaka 7 ya mwanzo, kisha unaihuisha kwa miaka 10 kila mara. Kwa chakula ongeza alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango, na kama ni mjasiriamali mdogo anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakupe barua ya utambulisho.

Halafu kuna sehemu ambayo wengi hawaifikirii kabisa: jina linalotokea kwenye simu ya mteja anapolipa kwa lipa namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu. Ameshapenda picha, ameshakubali bei, anaweka kiasi, na kabla ya namba ya siri simu inamwonesha anayelipwa ni nani. Ukurasa wako unaitwa viungo vya fulani, simu inasoma jina la duka la vifaa vya umeme. Hapo anasita, anakumbuka matapeli wote aliowahi kusikia, anafunga. Badilisha lipa namba isome jina la biashara. Kisha andaa posti moja yenye namba zako na jina hilo, uibandike juu kabisa ya ukurasa, maana wapo wanaochukua picha zako, wanaongeza nukta kwenye jina la akaunti na kuanza kupokea hela. Mteja akilizwa na hao, lawama zinakuja kwako.

Skrinishoti za wateja wanaosifia zinasaidia sana, lakini ziba jina na namba ya simu, au omba ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayofanya kazi tangu Mei 2023. Na hata isingekuwepo, hakuna anayependa namba yake itembee mjini.

Picha: piga mwenyewe, mchana, karibu na dirisha. Usichukue za Google. Wafuasi wa kununua hawali pilau. Watu maarufu wa mtandaoni sijawahi kuwalipa. Pakiti kumi nikiwapa mama ntilie wa mtaani na kuomba kuwapiga video wakipika, napata zaidi.

La mwisho ni daftari. Tarehe 4 Oktoba 2021, kabla ya saa moja jioni kwa saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima, zikarudi usiku wa manane. Zile ni saa chache tu, lakini aliyekuwa akitegemea mitandao hiyo peke yake hakuweza kumjibu humo mteja hata mmoja. Daftari langu lina jina la mteja, namba, mtaa au mkoa, alichochukua na tarehe. Akaunti zangu zikifungiwa leo, kesho asubuhi napiga simu za kawaida, nikianza na waliochukua gramu 250 mwezi uliopita, maana viungo vyao vinakaribia kuisha.