Wasomaji Wanauliza: Kitabu, Filamu na Hasira za Mashabiki

Barua za mwezi huu zote zimeelekea upande mmoja: Le Seigneur des anneaux, riwaya ya J.R.R. Tolkien iliyochapishwa kwa vitabu 3 kati ya 1954 na 1955, pamoja na filamu 3 za Peter Jackson zilizotoka mfululizo kila Desemba, 2001, 2002 na 2003. Kwa asiyeijua hadithi: Frodo ni hobiti, yaani mtu wa kimo kifupi, anayebeba Pete ya uchawi inayowashawishi watu ili akaiharibu, na rafiki yake Sam anamsindikiza. Hapa Lubumbashi filamu hizo bado zinazunguka kwa flashi, na anayezikuta baada ya kusoma kitabu huja na malalamiko. Tunayapokea kwa mikono miwili.

SWALI
Jambo yenu, bakubwa. Nimesoma kitabu mara mbili kabla ya kuona filamu. Yule kapteni Faramir wa kitabuni ni mtu safi, Pete anaikataa palepale. Wa filamu anawakamata Frodo na Sam na kuwakokota hadi mji wa Osgiliath. Wenzangu wa chuoni wananicheka, eti filamu haiwezi kubeba kila ukurasa. Mimi nasema huyu mtu amechafuliwa jina. Nani kati yetu yuko na haki?
Mwanafunzi, UNILU

JIBU
Ndugu, haki ni yako, ila hoja yako na ya wenzako hazikutani. Wao wanasema juu ya kuacha, wewe unasema juu ya kugeuza. Kuacha hakukwepeki: filamu ya kwanza ni dakika 178 tu. Tom Bombadil, mwenyeji wa msituni, ameachwa yeye na nyumba yake yote, na safari haikuyumba, kwa kuwa hobiti wanaingia kwake na kutoka wakiwa na mzigo uleule na njia ileile. Hasara ipo kwenye kisu. Kitabuni, Merry anakipata kwenye makaburi ya kale mara baada ya kutoka kwa Bombadil. Kilifuliwa na wahunzi waliopigana na Mfalme-Mchawi, ndiyo maana baadaye kinamjeruhi pale ambapo silaha nyingine zingeshindwa. Kwenye filamu Aragorn anawagawia hobiti panga bila maelezo. Anayelilia Bombadil na alilie hicho kisu.

Faramir hakuachwa, amegeuzwa. Rudi kwenye ile sura ya pangoni, kitabu cha 4 sura ya 5 (vile vitabu 3 vimegawanywa ndani katika sehemu 6 ambazo nazo huitwa vitabu). Sam anateleza ulimi na kutaja Pete. Faramir anasimama wima, mrefu, macho yanamwaka. Hobiti wanaruka na kuegemea ukuta, mikono ikitafuta panga. Watu wote pangoni wananyamaza. Kisha Faramir anaketi tena na kucheka kidogo. Mwanzoni alikuwa amesema kitu hicho hangekiokota hata kama angekikuta kimelala barabarani. Neno alilitoa kabla hajajua anachokikataa, na sasa amejua, na analishika. Mtu mzima tumeonyeshwa hapo.

Waandishi wa filamu walikuwa na sababu mbili, na zote mbili ni za kweli. Filamu ya kwanza nzima inatufundisha kwamba Pete humvuta kila mtu, hata Boromir, kaka yake Faramir, amekufa kwa ajili yake. Akitokea mtu asiyetikisika, walihofu Pete ingeonekana imepoteza nguvu. Pili, walimhamisha buibui Shelob kutoka mwisho wa kitabu cha pili hadi filamu ya tatu, kwa hiyo Frodo na Sam wakabaki bila kilele katika filamu ya pili. Osgiliath ilitungwa kujaza pengo hilo. Ukitaka kumwelewa Faramir wa Jackson, tafuta toleo refu la filamu ya pili. Lina onyesho la yeye, Boromir na baba yao Denethor, ambalo halikuwemo katika toleo la sinema. Ukiliona, utajua anampelekea nani hiyo zawadi, na kwa nini.

Hata hivyo tuko upande wako. Wasimulizi wa Kiluba hukisimulia kisa cha mfalme Nkongolo Mwamba na Kalala Ilunga aliyempindua kwa namna nyingi, na msikilizaji hakatai akifupishiwa safari. Lakini jaribu kumfanya Mbidi Kiluwe, baba yake Kalala Ilunga, ale hadharani! Kula kwake faraghani ndiko kunamtenga na Nkongolo. Ukikiondoa hicho, hakuna tena kisa. Faramir na Pete ni hivyo hivyo.

Na kama una hasira ya ziada, ipeleke kwenye ngazi za Cirith Ungol. Kitabuni, Gollum, aliyewahi kuwa na Pete na sasa anawaongoza njia, anarudi na kuwakuta wawili wamelala, kichwa cha Frodo kwenye mapaja ya Sam. Anawatazama. Ananyoosha mkono unaotetemeka na kugusa goti la Frodo, taratibu sana, na kwa dakika hiyo anaonekana mzee wa kihobiti aliyechoka, aliyeishi kupita rika lake. Sam anaamka, anamkaripia, na lile jambo jema linazimika lisirudi tena. Kwenye filamu mahali hapo pana makombo ya mkate yaliyomwagwa juu ya nguo za Sam na Frodo anayemfukuza rafiki yake. Sam amepewa usafi wote na Gollum hila yote, wakati kitabu kilimwonyesha mtu mwema akiharibu kitu bila kujua. Hilo sisi hatujawasamehe.

SWALI
Wahariri, nafundisha Kifaransa. Nakala moja ya shule inaandika Frodon Sacquet, nyingine Frodo Bessac. Wanafunzi wakiona filamu wanasema nakala mpya ina makosa. Niwaambie nini?
Mwalimu, Kampemba

JIBU
Mwalimu, hakuna kosa. Ni watafsiri wawili. Francis Ledoux alitafsiri mwaka 1972 na 1973, na filamu za Kifaransa zimefuata majina yake. Daniel Lauzon alitafsiri upya kati ya 2014 na 2016. Kwa Ledoux utakuta Grands-Pas, Fondcombe, Sylvebarbe na Samsagace Gamegie. Kwa Lauzon watu na mahali palepale ni l'Arpenteur, Fendeval, Barbebois na Samsaget Gamgie. Hata kichwa cha kitabu cha kwanza kimebadilika, kutoka La Communauté de l'Anneau kuwa La Fraternité de l'Anneau. Tolkien mwenyewe aliwaachia watafsiri mwongozo, akitaka majina yenye maana yatafsiriwe kwa maana yake. Kwenye Baggins mna neno la Kiingereza la mfuko, ndiyo maana Ledoux alitafuta sac na Lauzon besace. Andika majina hayo kwenye karatasi moja, ibandike ndani ya jalada la kila nakala, na mabishano yataisha.

Angalia pia kama nakala zako zina Nyongeza za mwisho, kwa sababu baadhi ya matoleo ya Kifaransa hayana. Mwanafunzi mwenye nakala hiyo atakuapia kwamba mapenzi ya Aragorn na Arwen yamebuniwa na Hollywood, wakati yameandikwa katika Nyongeza A. Kilichobuniwa ni Arwen kumvusha Frodo mtoni. Kitabuni farasi ni wa Glorfindel, na Frodo anavuka peke yake.

SWALI
Mtoto wangu wa miaka 8 anazitaka hizo filamu kwa sababu kaka zake wanaziona. Nimruhusu?
Mama wa Kamalondo

JIBU
Mama, huko Marekani filamu zote 3 zimewekewa tahadhari kwa watoto wa chini ya miaka 13. Ya kwanza anaweza kuiona mchana, mtu mzima akiwa kando yake. Mwambie mapema kwamba uso wa Bilbo utageuka ghafla akiiona Pete. Ni sekunde chache tu, ila ndizo zinazowaliza watoto. Ya tatu inaanza na mtu akimnyonga ndugu yake na baadaye ina Shelob, kwa hiyo isubiri miaka kadhaa. Wakati huo msomee Bilbo le Hobbit, kilichotoka 1937 na kuandikwa kwa ajili ya watoto hasa.

SWALI
Tuko kikundi cha vijana wa parokia, watu kama 40. Tunataka kuonyesha filamu ya kwanza uwanjani mwezi wa saba, halafu tujadili. Projekta ya kuazima ni ya lumeni 3000. Mara ya mwisho umeme ulikatika katikati, maandishi ya Kifaransa chini ya picha yalikuwa yanachelewa, na mjadala uliishia kwenye ugomvi.
Kikundi cha vijana, Katuba

JIBU
Mwezi wa saba jua linatua kabla ya saa 12:15 jioni, kwa hiyo saa 12:45 giza linatosha kwa lumeni 3000. Mkianza mapema, matukio ya migodi ya giza ya Moria yataonekana kama ukuta mweusi tu. Mtamaliza karibu saa 4 usiku, na baridi ya kiangazi hapa kwetu mnaijua: kila mtu aje na blanketi.

Picha ya filamu hii ni pana sana, upana wake ni mara 2.39 ya kimo. Shuka la mita 3 kwa upana litapata picha ya kimo cha mita 1.25 tu, na michirizi myeusi juu na chini ni halali yake. Msiivute ijaze shuka, maana nyuso zitarefuka. Nyuma ya shuka wekeni kitambaa cheusi, la sivyo mwanga wa nyuma utapenya na kufifisha picha. Lifungeni kamba pande zote nne, na ukingo wa chini wa picha uwe mita 1.2 kutoka ardhini, vinginevyo vichwa vya walio mbele vitakula maandishi. Projekta nyingi za kawaida huhitaji umbali wa mara 1.5 ya upana, yaani mita 4.5 kwa shuka hilo.

Umeme: projekta hula kama wati 300, kompyuta 65, spika 100. Jenereta ndogo ya kVA 1 inatosha. Anzeni nayo tangu mwanzo badala ya kungoja SNEL, shirika la umeme, ikate, kwa sababu taa ya projekta ikizimwa ghafla feni haipati nafasi ya kuipoza, na taa hiyo ndiyo ghali. Ikizimika, ngojeni dakika 10 kabla ya kuwasha tena. Jenereta ikae mita 20 nje ya ukuta, kamwe isiwe ndani ya chumba, maana gesi ya sumu iliyo katika moshi wake inaua bila harufu ya kuonya. Petroli jazeni kabla ya kuanza. Msiongeze ikiwa moto.

Kama vita vinawapasua masikio na mazungumzo hayasikiki, ni kwamba sauti imetengenezwa kwa spika 6 na ninyi mna 2. Sauti za watu hukaa kwenye spika ya katikati, ambayo hamna. Kwenye VLC, programu ya kuchezea filamu, chagueni sauti ya stereo, kisha washeni kikandamiza sauti (compressor) kwenye athari za sauti.

Maandishi yana magonjwa matatu, na kila moja lina dawa yake. Yakichelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, bonyezeni G au H kwenye VLC. Kila bonyezo husogeza sehemu ya sekunde. Yakizidi kuachana kidogo kidogo, faili ya maandishi imepimwa kwa mwendo mwingine: nakala za Ulaya za DVD huenda kasi kwa asilimia 4, dakika 178 zikawa kama 171. Tafuteni faili ya mwendo wenu. Yakienda sawa kisha yakaruka ghafla, mmechanganya matoleo, kwani toleo refu lina nusu saa zaidi iliyopachikwa huku na huku. Hapo hakuna kurekebisha, badilisheni faili. Na é ikitokea kama Ã©, chagueni usimbaji wa UTF-8 kwenye mipangilio ya maandishi. Pimeni yote haya siku moja kabla, mpaka dakika ya 120, si dakika 5 za mwanzo. Kiingilio msitoze, maana filamu ina wenyewe.

Ugomvi mara nyingi huanza pale aliyesoma anapomfichulia asiyesoma. Jueni hili: filamu ya kwanza inamaliza na kifo cha Boromir, lakini kitabuni kifo hicho ni sura ya kwanza ya kitabu cha pili. Aliyeishia kitabu cha kwanza asome sura hiyo moja kabla ya kuja. Halafu wekeni sharti: anayelalamika ataje kwanza onyesho, kisha mhusika, kisha aseme kama kitu kimeachwa au kimegeuzwa. "Wameharibu" peke yake haipokelewi.

SWALI
Sisi tunaokaa karibu na bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na lile lima la takataka za shaba, sura iliyotugusa ni ya hobiti kurudi na kukuta miti imekatwa, kinu kinatema moshi, mto umechafuliwa. Kwenye filamu wanarudi na kila kitu ni kizima! Kwa nini?
Msomaji wa Lubumbashi

JIBU
Jackson aliona kwamba Pete ikishayeyuka, mtazamaji hatastahimili vita vingine. Alichobakiza ni maono mafupi ya nchi ya hobiti ikiungua ndani ya kioo cha Galadriel, bibi mtawala wa msituni, katika filamu ya kwanza. Tolkien angepinga: katika dibaji ya toleo la pili alisema sura hiyo ni sehemu ya lazima ya hadithi, aliyoiona tangu mwanzo. Pamoja nayo imepotea zawadi ya Sam. Kitabuni Galadriel anampa kisanduku kidogo cha udongo na mbegu moja. Katika toleo refu la filamu anampa kamba. Kwa udongo ule Sam anazunguka nchi yake iliyoharibiwa, anaweka chembe moja kwenye shina la kila mche, na mbegu anaifukia mahali ulipokuwa mti wa sherehe ya Bilbo. Haya yako katika kitabu cha 6, sura ya 8 na ya 9. Zinasomeka kwa sauti jioni moja, filamu ya tatu ikishazimwa.