Re: Ile ringi nyeupe ya pampu, nichongeshe ya stenlesi?

Ndugu yangu wa Shela, umeuliza kwa nini ndani ya pampu ya kisima, kwenye sili (ile ya kuzuia maji yasivuje pembeni ya shafti, mhimili unaozunguka), wameweka ringi nyeupe kama kikombe cha kahawa badala ya chuma, na kama fundi wa mashine ya leth aweza kukuchongea ya stenlesi. Usichonge bwana, utapoteza pesa.

Hiyo si kauri ya kikombe. Ni alumina, unga wa oksaidi ya alumini uliogandamizwa ukachomwa kwenye tanuri joto la zaidi ya digrii 1500, yaani haishiki kutu hata maji yawe ya chumvi kama yetu huku Lamu, na ile ringi nyeusi inayosuguana nayo ni kaboni. Stenlesi ni laini kwake, itachorwa mistari na mchanga halafu maji yaanze kuvuja tena.

Ubaya wake haipendi kushtuliwa. Pampu ikizunguka kavu ringi inapata moto, maji yakija ghafla, tak! ishapasuka, na yako naona ndivyo ilivyokufa.

Kama kisima chako chatoa mchanga sana omba sili ya silikoni kabaidi pande zote mbili, yaani ringi zote mbili zinazosuguana. Ndiyo ile ile ya msasa mweusi wa maji tunaopigia boti, alianza kuitengeneza Mmarekani Edward Acheson miaka ya 1890 akitafuta almasi ya bandia, almasi hakupata lakini mali alipata lol. Bei imechangamka kidogo. Pima shafti kwanza kabla hujavuka kwenda kununua.