Mwanangu, ule ukoo wa kaburi la Ewelme

Mwanangu kipenzi,

Meseji yako nimeipata, na picha ya lile kaburi la kanisani Ewelme, kile kijiji cha Uingereza, nimeiangalia mpaka mama yako akaja kuchungulia. Umeniuliza huyo Alice Chaucer alikuwa nani, na ukoo wa mumewe, kina de la Pole, wenye mashamba yote yale, uliishia wapi.

Wale walianza kama wafanyabiashara wa manyoya ya kondoo pale Hull, mji wa bandari wa Uingereza. Babu yao William, mwaka 1338 na 1339, yeye na wenzake walimkopesha mfalme Edward III zaidi ya pauni 100,000 za vita, pesa ya kutisha kwa enzi zile. Mtoto wake Michael akapewa cheo cha Earl wa Suffolk 1385, mwaka uliofuata tu bunge likamshtaki, akakimbia nchi, akafia Paris. Kwa hiyo walipanda kwa mkono wa mfalme na ukiyumba huo mkono wanaanguka wao. 1415 ndo huwa inaniuma, mtoto wa huyo Michael kafa kwa kuhara damu Harfleur kule Ufaransa, wiki chache baadaye mtoto wake naye kauawa Agincourt, vita ileile!

Mali ikaenda kwa mdogo wa huyo aliyeuawa, William mwingine, ndo huyo mume wa Alice mjukuu wa mshairi Geoffrey Chaucer. Akafika mpaka Duke 1448, halafu 1450 wakamtwisha lawama za kupoteza ardhi ya Ufaransa, akafukuzwa nchi, wakamkamata baharini wakamkata kichwa kwenye boti, mwili wakautupa ufukweni Dover.

Alice akabaki mjane na mashamba akayashika kwelikweli. Hakuwa malaika, kina Paston, ukoo mwingine wenye mashamba, walilia naye sana kwa ardhi, ila mimi namheshimu. Ile nyumba ya wazee 13 maskini aliyoanzisha na mumewe 1437 bado ipo, imeungana na kanisa, na shule yao nayo bado inasomesha watoto.

Kilichowamaliza ni ndoa. Mtoto wao John alimuoa Elizabeth, dada wa mfalme Edward IV, basi wajukuu wakawa na damu ya kudai kiti, na kina Tudor, ukoo wa wafalme waliofuata, hawakulivumilia hilo hata kidogo. John mdogo aliuawa vitani Stoke 1487, Edmund alikatwa kichwa 1513, Richard akafia vitani Pavia 1525, na William alifungwa kwenye mnara wa London mpaka akafa 1539. Jina likaishia hapo.

Ukienda tena inama uchungulie chini ya kaburi, kuna sanamu nyingine ya Alice akiwa maiti iliyokonda, na kwenye dari iliyo juu ya uso wake pamechorwa picha ambazo huwezi kuziona mpaka ulale chini. Lala unipigie picha.

Baba yako