Vidonge vya kifafa na mimba

Shikamoo Dokta. Naishi Mbagala, natumia valproeti ya kifafa. Siku zangu zimepita wiki mbili. Jirani anasema nivimwage chooni, mtoto asije akazaliwa kilema. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Usivimwage! Kifafa kikikukamata kwenye ngazi za mwendokasi, mtaumia wote wawili. Ila jirani hajakosea yote: kati ya watoto 10 wa mama wanaomeza valproeti, kama 1 huzaliwa na kasoro, mgongo wazi ikiwamo. Aliyekuandikia alipaswa kukuambia mapema, na hapo nakasirika. Kesho asubuhi, usingoje siku ya kliniki, mfuate na pakiti mkononi. Apime mimba, aamue kama atakubadilishia na vipi. Muulize pia foliki asidi, ile vitamini ya wajawazito, umeze kiasi gani.