Kodi P0335 haimaanishi kontroli boksi imekufa

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST, ikitembea kama nusu saa inazimika ghafla barabarani, ikipoa inawaka kama hakuna kilichotokea. Fundi wa mtaani kapima na mashine ikaja kodi ya hitilafu P0335, kasema kontroli boksi (kompyuta ya injini) imekufa, nitafute used ya laki 4 yeye ataiprogramu. Ninunue? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue. Hiyo laki 4 kaa nayo kwanza.

P0335 maana yake boksi haipati ishara ya sensa ya krenki, ile inayosoma krenki inavyozunguka, basi. Bila hiyo ishara haijui pistoni ziko wapi, haijui ipige cheche saa ngapi wala ifungue nozeli saa ngapi, kwa hiyo gari inazima. Boksi ndo imelalamika halafu fundi anaihukumu boksi! Hili naletewa karibu kila wiki na linaniuma kwa sababu hela inayopotea ni ya watu wasiokuwa nayo.

Ndani ya hiyo sensa kuna koili ya waya mwembamba sana, injini ikipata moto pale ulipokatika panaachana, ikipoa panagusana tena, na ndo dalili zako hizo. Sensa iko chini karibu na puli ya krenki. Fundi achomoe soketi, aweke mita kwenye ohmu asome sensa ikiwa ya baridi, halafu aipulizie draya ya saluni huku macho yako kwenye mita. Juzi nimefanya hivyohivyo, namba imetulia, imetulia, joto lilivyoingia ikaruka ikaandika OL, yaani umeme haupiti, waya umekatika ndani. Tumefunga sensa nyingine gari ikaondoka.

Kama namba haichezi basi afuate zile waya mpaka kwenye pini za boksi, atafute kutu ya kijani na pale waya ulipochubuka, apime na arthi: injini ikiwa inawaka, kati ya bloku ya injini na hasi ya betri isizidi kama voti 0.1.

Sisemi boksi haifi. Inakufa kwa maji, kwa betri kufungwa kinyume, kwa mtu kuchomelea bodi bila kuchomoa betri, na zipo zinazosumbua kwa joto lehemu ikipasuka ndani. Ila huko unafika sensa na waya zikishapimwa, sio kabla.

Sasa hilo neno "ataiprogramu" ndo naomba mlisikilize wote mnaosoma hapa. Kufuta kodi kwa kidude cha bluetooth SIO kuprogramu, taa inazima leo, baada ya safari mbili tatu inarudi na fundi hapokei simu. Boksi ya used imetoka kwenye gari ya mtu, kama ina imobilaiza (mfumo unaozuia injini kuwaka bila funguo inayotambulika) imebeba kumbukumbu za funguo zake, ukiifunga kwako injini inazunguka haiwaki, au inawaka sekunde moja inakata. Kwanza namba ya kwenye stika ya boksi, kwa Toyota inaanza na 89661, ifanane na yako mpaka tarakimu ya mwisho, halafu data za funguo zihamishwe kutoka boksi yako, kwa Toyota nyingi za miaka hiyo ziko kwenye kachipu ka miguu 8. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua lehemu ndogo. Wengine wanaflashi, yaani wanaiandikia boksi programu upya, kwa faili la kuokoteza mtandaoni, betri imechoka, hawajaweka hata chaja, umeme ukishuka katikati boksi nzima inakuwa jiwe.

Kuna kijana alinunua boksi 3, gari imekaa uani toka mfungo mpaka karibu mwaka mpya, kumbe panya kala waya mmoja tu wa sensa.

Anza na draya, ukiwepo mwenyewe uone mita. Na hata ikija kuthibitika boksi ni mbovu, usimwachie fundi ile ya zamani hata akikupunguzia bei, data za funguo zako ziko humo.