FUNDI AKUJIBU: Nywila ninayo, diski haifunguki

Safu hii hujibiwa na fundi wa kompyuta wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Majina ya wanaoandika hatuyatoi.

SWALI

Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Tanga. Marehemu kaka yangu alikuwa mpiga fidla wa taarab. Aliacha kanda 214, nyingi za mazoezi na za harusi, na chache ambazo anasikika akiwafundisha vijana. Nilikaa mwaka na nusu nikizihamishia kwenye kompyuta, kanda moja moja, redio kaseti iko mezani na waya wake umeingia kwenye laptopu. Zote niliziweka kwenye diski ya nje ya terabaiti 1, hizi mnazoziita eksteno. Ilikuja na programu yake ya kuwekea nywila, nami nikaiweka kwa sababu hapa kwangu wajukuu hawakauki.

Laptopu ile, ambayo mwanangu aliniletea kutoka Uingereza, ilikufa mwezi wa tatu. Nikanunua MacBook iliyotumika. Nikichomeka diski kinatokea kidiski kidogo chenye ile programu ya kufungulia, lakini nikiibofya naambiwa mtengenezaji anatakiwa aisasishe kwanza. Nimepakua toleo jipya kutoka kwenye tovuti ya kampuni. Hilo linafunguka vizuri, ila linasema halioni diski yoyote.

Nimewaandikia huduma kwa wateja. Kwanza alinijibu roboti. Baada yake wakaja watu, kila barua na jina lake jipya, na kila mmoja anaanza upya: je, umezima na kuwasha? Je, umejaribu tundu lingine? Barua 14 kwa siku 23. Ya 9 iliniambia nifomati diski halafu niiwekee nywila upya. Nilipouliza kama kanda zangu zitabaki, sikujibiwa. Kisha nikaletewa taarifa kwamba shauri langu limefungwa, nikaombwa niwape nyota.

Steshenari ya hapa mtaani kompyuta yao ilidai nywila ya msimamizi, kijana wa zamu hakuwa nayo. Kuna fundi anasema atapasua ganda, atoe diski ya ndani na kuisoma moja kwa moja kwa shilingi 60,000. Nimpe? Kanda zenyewe nyingi zilishaliwa na unyevu, nilizitupa.

JIBU

Shikamoo Mwalimu. Usifomati, na huyo fundi usimpe. Barua yako niliisoma Jumatatu asubuhi, na nilipofika kwenye ile barua ya 9 niliacha kazi niliyokuwa nayo mkononi nikaanza kukuandikia.

Nianze na kinachotia moyo. Kwa maelezo yako, diski yako ni nzima. Ingekuwa imekufa, kwa kawaida kile kidiski kidogo kisingetokea. Kinachokuzuia ni programu ya kufungulia iliyopitwa na wakati. Mwaka 2019 Apple walitoa mfumo endeshi wa macOS uitwao Catalina, na kuanzia hapo Mac ziliacha kuendesha programu za zamani za biti 32. Programu nyingi za diski za miaka ya nyuma zilitengenezwa kwa mtindo huo. Maneno uliyoonyeshwa, kwamba mtengenezaji aisasishe, ndiyo hasa Mac huyasema inapokutana na programu ya namna hiyo. Mtu wa huduma kwa wateja angekuuliza swali moja tu, unatumia macOS gani, angelijua hili kabla chai yake haijapoa. Barua 14 zimepita na hakuna aliyeuliza.

Sasa lile toleo jipya lisiloona diski. Hapa wanakwama watu wengi. Diski za aina yako mara nyingi huwa na programu mbili tofauti. Moja ni ya kusimamia diski: kuweka nywila, kubadilisha, kupima afya yake. Hiyo ndiyo unayopakua kwenye tovuti. Nyingine ni ya kufungulia tu, nayo inakaa ndani ya diski yenyewe, kwenye kile kidiski kidogo kinachojionyesha kama CD. Toleo jipya ulilopakua, inavyoelekea, ni la ile programu ya kusimamia, halina kazi ya kufungua. Ufunguo wako uko ndani ya kile kidiski, na kwa kawaida humo wanaweka wa Mac na wa Windows pamoja.

Kwa hiyo unachohitaji ni kompyuta ya Windows ambayo mwenyewe ana mamlaka nayo yote. Ya steshenari ilikataa kwa sababu mwenye duka amezuia wateja kuendesha programu ngeni, na amefanya vizuri. Tafuta ya mpwa, ya jirani, ya mwalimu mwenzako. Chomeka diski moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitishe kwenye kigawanyio cha USB. Fungua kile kidiski, bofya programu ya kufungulia, andika nywila. Windows ikikuletea dirisha la kukuuliza kama unataka kufomati, bonyeza kughairi. Likirudi, ghairi tena. Kama huna mtu wa Windows karibu, Mac yoyote iliyobaki kwenye macOS ya 2018 au kabla ya hapo nayo itaiendesha programu hiyo.

Nywila ikikataliwa usihangaike kubahatisha mara nyingi. Umenitajia kwamba laptopu ya kwanza ilitoka Uingereza, na hilo limenikumbusha mteja mmoja wa hapa Aggrey. Alikaa hapo kwenye benchi langu tangu asubuhi hadi adhuhuri, nywila ameiandika kwenye kikaratasi, diski inakataa. Programu yake ilikuwa inaruhusu mara tano, halafu inakudai uchomoe waya uanze tena. Nikamwomba anisomee herufi moja moja. Katikati kulikuwa na alama ya @. Nikamuuliza laptopu ya zamani iko wapi, akaitoa kwenye mfuko wa rambo, kioo kimevunjika lakini vitufe vyote vipo. Kwenye kibodi za Uingereza alama ya @ imechapwa upande wa kulia karibu na Enter, na alama za kunukuu ziko juu ya 2. Kwenye kibodi za Marekani, ambazo ndizo zimejaa hapa kwetu, ni kinyume chake. Laptopu yake vitufe vilikuwa vya Uingereza, lakini ndani ilipangwa Kimarekani. Miaka yote alikuwa anabonyeza kitufe kilichoandikwa @ na kompyuta inaandika alama ya kunukuu, naye haoni kwa sababu nywila huonekana vidoti. Tukaweka alama ya kunukuu mahali pa @. Diski ikafunguka. Mle ndani mlikuwa na hesabu za msikiti wao za miaka sita.

Basi nywila yako kama ina @ au alama za kunukuu, jaribu kuzibadilishana. Kuwa na uhakika pia na kitufe cha herufi kubwa.

Kuhusu kupasua ganda. Ndani ya diski kama yako mna kibao cha saketi kisichozidi kiberiti, na hicho ndicho kinachosimba, yaani kukigeuza kuwa siri, kila kitu kinachoandikwa, kwa usimbaji wa AES wa biti 256. Ukiitoa diski ukaichomeka kwingine utakuta takataka zisizosomeka, hata fundi awe hodari vipi. Na diski nyingi ndogo za siku hizi tundu la USB limechomelewa kwenye kibao cha diski yenyewe, hakuna cha kuchomoa. Atakachofanikiwa huyo kijana ni kuharibu tundu. Simlaumu, pengine hajui, lakini usimpe.

Usimbaji huo huo ndio sababu kampuni wasingeweza kukufungulia hata kama wangekuwa na moyo. Hawana ufunguo wa pili. Wala waranti haikusaidii hapa: waranti inakurudishia diski mpya tupu, fidla ya kaka yako haimo kwenye waranti. Kinachoniuma ni kwamba hili wangekuambia katika barua ya kwanza, kwa Kiingereza chepesi, ungelijua mapema unapigania nini. Mtu anayemwambia mteja afomati bila kumtajia kwamba kufomati kunafuta kila kitu, mimi kwenye duka langu hakai siku moja.

Diski ikifunguka, kabla ya jambo lolote nakili. Usianze kusikiliza, usipange mafaili, nakili kwanza. Nimekupigia hesabu. Sauti isiyobanwa, kwa ubora wa CD, hula karibu megabaiti 10 kwa dakika. Kanda ya dakika 60 ni kama megabaiti 600. Kanda 214 zote, tuseme ni za dakika 60, ni gigabaiti 128 hivi. Hata kama nyingine ni za dakika 90, kazi yote ya kaka yako inaingia kwenye flashi moja ya gigabaiti 256 na nafasi inabaki. Nunua mbili, za kampuni mbili tofauti, kwenye duka linalotoa risiti ya EFD. Zifomati hizo flashi mpya kwa exFAT kabla hujaweka kitu, ili Mac na Windows zote ziziandike na kuzisoma. Moja kaa nayo. Nyingine mpe mwanao akiondoka kurudi Uingereza, isikae nyumba moja na ya kwanza. Kisha, kwenye ile diski, ondoa nywila na usiirudishe. Wajukuu wafungie kabati.

Mwalimu, nakuomba jambo moja: mkishanakili, niandikie tena. Nataka kujua zimefunguka.

Kwa wengine ambao bado mnaandikiana na huduma kwa wateja za diski zenu: barua ya kwanza iwe na kila kitu. Namba ya ufuatiliaji iliyo nyuma ya ganda, jina kamili la mfumo endeshi na toleo lake, maneno ya kosa kama yalivyo kwenye kioo pamoja na picha yake, na mliyokwisha kujaribu. Malizeni kwa kusema wazi kwamba mnachotaka ni data, msielekezwe kufomati. Jibuni kwenye mnyororo ule ule wa barua, msifungue shauri jipya, maana kila shauri jipya linaanzia kwa roboti. Wakikunyamazia na kifaa kina kasoro, mrudie aliyekuuzia, risiti mkononi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji pia, na Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko.

SWALI

Nimenunua diski ya terabaiti 1, kompyuta inaonyesha gigabaiti 931. Huduma kwa wateja wameniambia nisasishe programu. Nimesasisha mara mbili, bado 931. Nimeibiwa? (Msomaji, Dodoma)

JIBU

Hujaibiwa, na hakuna sasisho litakalozileta hizo 69. Kiwandani wanahesabu kwa elfu: terabaiti 1 ni baiti 1,000,000,000,000. Windows inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo gigabaiti yake moja ni baiti 1,073,741,824. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili utapata 931. Aliyekujibu alichagua jibu kwenye orodha bila kusoma swali lako.

SWALI

Fundi, diski yangu ya nje inajikata katikati ya kunakili. Inatoa mlio kama inazima, halafu inarudi. Nimeambiwa nipakue programu ya kampuni, nisasishe draiva, sasa wananitaka niisafirishe nje ya nchi kwa gharama zangu. Mimi ni mwanafunzi, niko Unguja, tasnifu yangu iko humo.

JIBU

Usiisafirishe kwanza. Diski hizi ndogo hazina chaja, umeme wote zinakula kwenye waya wa USB. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, la USB 3.0 hutoa 900, na hili la pili mara nyingi ndani yake ni la buluu. Waya mrefu wa bei rahisi au uliolegea shingoni unapoteza umeme njiani, diski inapojitahidi kuandika inakosa nguvu na kujizima. Azima waya mfupi, ule wenye kichwa kipana cha sehemu mbili, chomeka kwenye tundu la buluu la laptopu iliyo kwenye chaji, na nakili tasnifu peke yake, mafaili mengine baadaye. Hata ikitulia, jitumie nakala kwa barua pepe siku hiyo hiyo.

Ila isikilize. Ukisikia ndani inagonga tik, tik, tik kwa mpangilio, chomoa na usiiwashe tena, hapo kichwa cha kusomea kinashindwa kazi na kila ukiiwasha unaongeza madhara. Mpe mtu anayekuja Dar aniletee, nipo siku zote isipokuwa Ijumaa mchana.