Mimi na mke wangu wote tuna H. pylori, vidonda ninavyo mimi tu

Mwaka juzi nilizoea kuamka saa nane za usiku, chembe ya moyo inawaka moto, napapasa gizani kutafuta maziwa. Yakinituliza ni nusu saa tu. Asubuhi kila jirani ana dawa yake: juisi ya kabichi, asali, hata magadi (hapo niligoma). Nikapima damu, nikaambiwa nina H. pylori, bakteria wa tumboni anayeleta vidonda. Nikamsihi mke wangu naye apime. Anaye! Mtu anayekula mihogo ya kuchoma na pilipili mbuzi usiku, kisha analala fofofo.

Nikasema kipimo hiki cha kubahatisha. Sikukosea sana. Kipimo cha damu hutafuta askari wa mwili, na askari hao hubaki hata bakteria akishaondoka. Ukitaka kujua kama yupo sasa hivi, pima choo. Omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi, iache wiki mbili kabla ya kupima, na antibayotiki wiki nne, la sivyo utaambiwa huna kumbe amejificha tu.

Choo nacho kikasema tunaye wote wawili. Ndipo daktari akanieleza jambo ambalo ningelijua mapema nisingegombana na watu wa maabara: jina ni moja, silaha hazilingani. Karibu kila H. pylori ana jeni ya sumu iitwayo VacA, ila jeni hiyo ina sura kadhaa. Sehemu yake ya s1 ikikutana na m1, sumu inakuwa kali, inajaza seli za tumbo mapovu na kuziharibu. Yenye s2 haina makali. Baadhi wana pia CagA, protini ambayo bakteria huidunga ndani ya seli kama kwa sindano. Wenye silaha zote mbili ndio hukutwa zaidi kwa wagonjwa wa vidonda na wa saratani ya tumbo. Na kwa kuwa wengi huambukizwa utotoni, nyumbani kwao, huenda mimi nilikuja na wangu kutoka Bukoba, mwenzangu na wake kutoka Tanga.

Usitegemee majibu ya maabara yakutajie sumu yako. Yataandika yupo au hayupo, basi. Na sumu si yote: mimi nilikuwa nameza diclofenac, dawa ya maumivu, kwa ajili ya mgongo karibu kila siku, nayo huchimba vidonda bila kusaidiwa na mdudu yeyote. Nimeiacha.

Kwenye kipimo cha kamera walininyofolea kinyama kidogo kuliko punje ya mchele, wakakitumbukiza kwenye kitu cha njano. Nikiwa bado najifuta mate, kikageuka pinki. Ndiye huyo.

Dozi yangu ilikuwa siku 14, na mdomo ulikuwa na ladha ya sarafu muda wote. Siku ya tano nilijisikia mzima, nikataka kumgawia shemeji vilivyobaki. Usifanye hivyo, anayebaki hai baada ya nusu dozi ndiye atakayeizoea dawa. Na ukiona choo cheusi kama lami, usiandike swali hapa kwenye maoni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Baada ya wiki sita nilirudia kipimo cha choo, hayupo. Mke wangu ataanza dozi yake akishamwachisha mtoto ziwa. Pilipili amekataa kuacha.